Kamba ya Dola Mbili

Mnunuzi alikuwa aje Jumamosi saa nne asubuhi, na kufikia Jumatano Hoyt Pruett alikuwa ameshaiosha pikapu mara mbili. Aliifuta mashine ya kuchomelea iliyofungwa nyuma, akatoa vitu vyake kwenye kiti cha mbele na kuvipanga kwa mstari juu ya benchi la barazani: miwani myeusi ya kazi, glavu za ngozi zilizokauka zikabaki na umbo la vidole vyake, chaki za kuandikia juu ya chuma, na tepu ya kupimia ya futi mia, yenye kasha la chuma lililochakaa pembe. Tepu haikuwa ya kuuzwa. Pikapu ilikuwa ya kuuzwa pamoja na mashine yake, kwa dola elfu tisa na mia tano.

Hoyt alikuwa na umri wa miaka sabini na saba. Siku tatu kwa wiki aliendesha pikapu hiyo kwenye mashamba yaliyouzunguka mji wa Pickett Fork, mashariki mwa Oklahoma, akichomelea mageti ya ng'ombe na kuziba matangi ya maji. Malipo hayakuwa makubwa. Lakini binti yake Corliss, ambaye tangu mama yake afariki alikuwa akimpigia simu kila asubuhi, alijua jambo moja kwa hakika: siku za kazi mzee alipokea simu mlio wa kwanza, na siku nyingine ulikuwa wa tano au wa sita.

Sababu ya kuuza ilikuwa Kinzie, mtoto wa Corliss, mwenye miaka kumi na mmoja. Mwezi wa pili timu yake ya softiboli ilimteua awe mrushaji, yule anayemrushia mpira mpigaji wa timu pinzani, na kocha akamwita Corliss pembeni na kumweleza, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuyasema maneno hayo kwa wazazi wengi, kwamba mrushaji hafunzwi kwenye mazoezi ya timu. Mrushaji hufunzwa kwa tuisheni. Wasichana wengine wote wanaorusha walikuwa na mwalimu wao, mara moja kwa wiki, dola sabini kwa nusu saa. Corliss alifanya kazi ya mapokezi katika kliniki ya meno kwa dola kumi na saba kwa saa. Hesabu haikuhitaji karatasi.

Kosa lake lilikuwa kumtajia baba yake bei hiyo.

"Baba, sijakuomba chochote," alimwambia Jumatano hiyo jikoni kwa mzee.

"Hujaniomba. Kwani ulipozaliwa uliniomba?"

"Usianze."

"Nimeshaanza. Dola sabini kwa wiki hamsini ni elfu tatu na mia tano. Miaka miwili, elfu saba. Inabaki elfu mbili na nusu ya petroli na viatu. Nimepiga hesabu mara mbili."

"Na wewe utakwenda kazini na nini? Punda?"

"Nitastaafu."

"Ulishastaafu miaka kumi na miwili iliyopita. Ulikaa siku nne."

"Tano," Hoyt alisema. Kisha akaacha mzaha, akaweka kikombe chake mezani, mkono wa kikombe ukielekea kulia, kama alivyokiweka kila siku. "Corliss, wewe nilikunyima. Huyu simnyimi. Yameisha."

Hayakuwa yameisha. Yalikuwa na miaka zaidi ya thelathini, na wote wawili waliyajua mwanzo mpaka mwisho.

*

Mwaka 1990 Corliss alikuwa na miaka kumi na minne, na mwalimu wa kurusha katika eneo lile alikuwa mmoja tu. Jina lake lilikuwa Verlene Stubblefield, mwanamke mrefu aliyekuwa amestaafu kufundisha michezo shuleni, na aliyefundisha ndani ya ghala la nyasi la marehemu mumewe, maili thelathini na nane kutoka kwa akina Pruett. Nusu saa ilikuwa dola kumi na tano. Mabinti wa wenye maduka na wa daktari walikwenda kila wiki. Corliss alikwenda Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kwa sababu tangu bei ya mafuta iporomoke mwaka 1986 Hoyt, fundi wa mabomba ya gesi, alikuwa akipata kazi miezi miwili au mitatu tu kwa mwaka. Pesa za tuisheni zilikaa kwenye kopo la kahawa juu ya friji. Mama yake Corliss alizitia humo noti moja moja, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa kopo hilo, hata siku umeme ulipokatwa.

Bi Stubblefield alikuwa na sharti moja. Mzazi hakukaa pembeni kutazama. Mzazi alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akavaa glavu, akadaka.

"Lakini mimi sijui kudaka," Hoyt alimwambia siku ya kwanza.

"Hata yeye hajui kurusha. Mtafanana," alisema mwalimu. "Mimi ananiona mara moja kwa mwezi. Wewe anakuona kila siku. Kwa hiyo nawafundisha wawili kwa bei ya mmoja, na bado unalalamika. Kaa kwenye ndoo, baba."

Hoyt akakaa. Akakaa kwenye ndoo ya aina hiyo jioni zote za miaka miwili.

Corliss alizikumbuka jioni hizo kwa usahihi kuliko alivyokumbuka harusi yake. Uwanja wao ulikuwa kando ya nyumba, upande wa dirisha la jikoni. Hoyt alipata bamba la mpira lililotupwa na shule, lile jeupe lenye pembe tano ambalo mpigaji husimama kando yake: mbele limenyooka, nyuma limechongoka, kama nyumba iliyochorwa na mtoto kisha ikapinduliwa. Akalipigilia chini kwa misumari minne. Upande wa pili akazika gogo la reli, pale mrushaji anapoweka mguu. Umbali ulitakiwa uwe futi arobaini. Hoyt alipima mwenyewe, akiwa amepiga magoti, tepu imevutwa mpaka ikalia, naye akasoma namba kwa sauti kama shahidi mahakamani.

Baada ya chakula, Corliss alirusha mipira mia. Mama yake alihesabu akiwa dirishani bila kuinua macho: alikuwa akimenya kunde, na kwa kila mlio wa glavu aliweka ganda moja pembeni. Maganda yalipofika mia aligonga sufuria kwa mwiko, na kazi ikaisha. Kama Hoyt aliomba mmoja zaidi, alisema kunde zimekwisha. Redio ilikuwa wazi kwa majirani, mchezo wa besiboli kutoka mji fulani wa mbali, na harufu ya majani yaliyokatwa ilichanganyika na ya mafuta ambayo Hoyt aliyapaka kwenye glavu ili ilainike. Kiganja chake cha kushoto kilivimba mwezi wa tano na hakikurudi sawasawa mpaka mwezi wa kumi na moja. Alisema ni kwa sababu ya kuchomelea. Mwaka huo alichomelea wiki tisa tu.

Na siku za kwenda kwa mwalimu, wakati wa kurudi, walisimama kwenye duka la njia panda. Hoyt alinunua soda moja ya chupa na pakiti moja ya karanga za chumvi, akazimimina karanga ndani ya chupa, wakapokezana njia nzima, madirisha yako wazi, bila kuzungumza sana. Dola kumi na tano za mwalimu, dola tatu za petroli, senti tisini za soda na karanga. Corliss bado aliweza kuzitaja.

Mpira wake ulikuwa wa kuzama. Unatoka mkononi kama unakwenda kifuani kwa mpigaji, kisha hatua chache kabla ya kufika unaanguka, ukapita kwenye magoti. Nyumbani uliangukia magotini mara tisini kati ya mia. Hoyt hakuhitaji hata kuisogeza glavu. Lakini kwenye mechi ulikataa. Ulianza kuzama, ukachelewa, ukapita juu ya goti, mahali ambapo mpigaji yeyote mwenye macho anaupenda. Mwezi wa kumi mwaka 1992, katika fainali ya wilaya, kipindi cha mwisho, timu zikiwa sare, Corliss aliurusha mpira huo kwa msichana mnene kutoka kaunti jirani, na msichana akaupiga mpaka ng'ambo ya uzio, timu yake ikashinda. Mwanamke mmoja aliyekaa nyuma ya mama yake alisema, wala hakunong'ona, "Kwao anarusha vizuri mno. Mbele ya watu ndiyo hana moyo."

Msimu uliofuata Corliss hakujiandikisha. Neno lile alilichukua, akaishi nalo. Halikumuua, watu huishi na mambo makubwa zaidi. Lilikuwa tu pale kila alipotakiwa kusimama mbele ya wengine: alipotaka kudai nyongeza ya mshahara, alipoitwa mbele ya hakimu siku ya talaka. Baba yake naye alilichukua, lakini akaligeuza. Yeye alisema moyo hujengwa na mwalimu, na mwalimu ni wa kila wiki, na aliyeshindwa kumlipa mwalimu wa kila wiki ni yeye.

*

Alhamisi, Corliss alimpeleka Kinzie kwenye ukumbi mpya wa mazoezi uliokuwa mjini, maili ishirini kutoka kwao, kwa somo la kwanza la kujaribu, ambalo bei yake ilikuwa dola arobaini. Alitaka angalau ajue baba yake anauza pikapu ili anunue nini.

Mwalimu alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, Tawnya Beal, mwenye filimbi shingoni na sauti iliyokwaruzika. Jambo la kwanza alilofanya ni kusukuma ndoo kwa mguu wake mpaka mbele ya Corliss.

"Kaa, mama."

Corliss aliitazama ndoo. "Ulifundishwa na Bi Stubblefield."

"Miaka minne. Nilimzika mwaka 2018. Na wewe?"

"Miaka miwili. Mara moja kwa mwezi."

"Basi unajua. Kaa."

Somo lilikuwa zuri. Corliss, ambaye alipenda kuona thamani ya kitu kabla ya kukikubali, hakupata dosari. Mwishoni, Tawnya alifungua droo akatoa kamba nyembamba ya nailoni iliyokunjwa kwa umbo la namba nane, yenye pete ya chuma upande mmoja na mafundo matatu yaliyotiwa rangi.

"Hii kila mzazi anapaswa kuwa nayo. Pete unaibana hapa, nyuma ya bamba, kwenye ncha. Unavuta. Fundo la kijani ni futi thelathini na tano, jekundu arobaini, la bluu arobaini na tatu. Kinzie ni jekundu. Dola kumi na mbili."

"Zamani ilikuwa dola mbili," Corliss alisema.

"Uliinunua?"

"Baba yangu alikataa."

Alikukumbuka kukataa kule vizuri. Bi Stubblefield alikuwa ameinyoosha kamba, na Hoyt akaitazama kama mtu anayeonyeshwa saa ya plastiki. "Mama," alisema, "mimi napima mabomba ya gesi. Nikikosea robo inchi, watu wanakufa. Kamba ya nini?" Na mwezi uliofuata mwalimu aliirudia tena. Alimtazama Corliss akirusha mipira sita, akamgeukia Hoyt kwenye ndoo, akauliza, "Nyumbani anarusha kutoka wapi?" Hoyt akasema, "Futi arobaini kamili." Mwalimu akasema, "Nunua kamba, bwana Pruett." Hoyt akacheka. Walipokuwa garini alimwambia Corliss kwamba biashara ni biashara, hata ya kamba, na kwamba dola mbili ni soda mbili na karanga zake.

Corliss alilipa dola kumi na mbili.

*

Jumamosi walifika kwa mzee saa moja asubuhi. Hoyt alikuwa jikoni akikaanga soseji kwa ajili ya mchuzi mweupe, vimkate vikiwa tayari ovenini.

"Babu, nilikaa kwenye pikapu yako," Kinzie alisema. "Inanuka mbwa."

"Mbwa alikufa mwaka 2009."

"Bado ananuka."

"Huyo alikuwa mbwa wa maana. Keti ule."

Corliss alitoka nje na kamba. Alitaka kuona kama uwanja wa zamani ungeweza kutumika. Bamba lilikuwa pale, limegeuka rangi ya kijivu, limepasuka kona moja, misumari minne bado imelishika. Gogo la reli lilikuwa pale. Na mbele ya gogo, mahali ambapo ncha ya kiatu chake ilikokota ardhi kwa kila mpira kwa miaka miwili, mfereji mdogo ulikuwa bado unaonekana, umezama kama kijiko, na nyasi zake zilikuwa fupi kuliko za pembeni. Corliss alisimama juu yake kwa muda. Kutoka dirishani ilikuja harufu ya soseji, na aligundua kwamba alikuwa akisubiri mlio wa mwiko kwenye sufuria.

Kisha akafanya alilolijia. Akaibana pete kwenye ncha ya nyuma ya bamba, akaivuta kamba.

Fundo jekundu halikufika kwenye gogo. Liliishia kabla, juu ya nyasi.

Alidhani kamba imejikunja. Akaivuta upya. Fundo likarudi palepale. Akaenda barazani, akachukua tepu ya baba yake kwenye benchi, akapima kutoka ncha ya bamba mpaka gogo: futi arobaini na moja, inchi tano. Akapima mara ya pili, na ya tatu. Halafu akaiweka tepu kwenye ukingo wa mbele wa bamba, ule ulionyooka, unaomkabili mrushaji. Futi arobaini. Kamili, bila hata unene wa kucha kuzidi.

Corliss alikaa kwenye nyasi.

Fundi wa mabomba hupima kutoka uso wa bomba hadi uso wa bomba jingine. Ndivyo Hoyt alivyofundishwa akiwa na miaka kumi na tisa, na ndivyo alivyopima maisha yake yote: uso wa bamba, uso wa gogo. Kwenye bomba angekuwa sahihi. Lakini softiboli hupimwa kutoka ncha ya nyuma, na kina cha bamba ni inchi kumi na saba. Kwa miaka miwili, mipira mia kila jioni, mkono wa Corliss ulijifunza kuuzamisha mpira mahali ambapo hapakuwa na mpigaji yeyote duniani. Kwenye mechi mpigaji alikuwa karibu zaidi kwa futi moja na inchi tano, na mpira ulimfikia haujamaliza kuanguka. Ungebaki juu kwa inchi tatu, labda nne. Alikumbuka kila mpira uliobaki juu, na yote ilibaki juu kwa kiasi kilekile. Hofu haina kipimo kimoja. Hilo alipaswa kuliona akiwa na miaka kumi na sita.

Ilikuwa saa mbili kasoro dakika kumi. Mnunuzi alikuwa amebakiza saa mbili.

Angeweza kuikunja kamba na kuitia mfukoni. Baba yake angeuza pikapu kwa sababu ambayo haikuwa ya kweli, na angekufa akiamini kwamba kosa lake lilikuwa umaskini, ambao mtu hawezi kulaumiwa sana kwa sababu yake. Au angeweza kumwambia, akaokoa pikapu, na kumnyang'anya kitu ambacho Hoyt Pruett hakuwahi kukitilia shaka hata siku moja. Corliss alipima pande zote mbili kama alivyopima ardhi. Hakuna upande uliokuwa mwepesi. Lakini mmoja ulikuwa wa kweli.

Hoyt alitoka na kikombe cha kahawa. "Chakula kinapoa. Unafanya nini hapo chini, umeanguka?"

"Baba, futi ngapi hapa?"

"Arobaini. Umesahau?"

"Nipimie."

"Mwenye tepu mkononi ni nani?"

"Nipimie wewe."

Alimtazama. Kisha akaweka kikombe chini, akapiga magoti taratibu, goti moja kisha jingine, akaishika tepu kwenye ukingo wa mbele, bila kufikiri, kama mtu anavyoingiza ufunguo kwenye mlango wake. Corliss alivuta upande wa gogo.

"Arobaini," alisema Hoyt, hata kabla hajasomewa. "Kamili. Unaona? Miaka thelathini na ushei, haijasogea."

"Sasa pima kutoka nyuma. Kwenye ncha."

"Kwa nini kwenye ncha?"

"Kwa sababu kamba ya Bi Stubblefield ilianzia kwenye ncha."

Hoyt aliiona kamba, na fundo jekundu lililolala juu ya nyasi kabla ya gogo. Akaisogeza tepu mpaka ncha ya nyuma ya bamba, akainama karibu sana, kwa kuwa miwani yake ya kusomea ilikuwa jikoni.

"Soma upande wako," alisema.

"Arobaini na moja, na inchi tano."

"Soma tena."

"Arobaini na moja, na inchi tano, Baba."

Alibaki amepiga magoti. Corliss alimwona akipita njia ileile aliyopita yeye, lakini haraka zaidi, kwa kuwa Hoyt ndiye aliyekuwa kwenye ndoo na aliuona kila mpira.

"Mpira wako wa kuzama," alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Hapa ulikuwa unazama."

"Hapa, ndiyo."

"Wakasema huna moyo." Alikohoa. "Na mimi nikawaacha waseme. Nilidhani ni pesa."

"Haikuwa pesa. Wala haikuwa moyo."

"Kama ungekwenda kila wiki, yule mwalimu angeliona kosa hili."

"Aliliona, Baba. Aliliona mara ya pili tu. Alikuambia ununue kamba."

Kutoka mlangoni Kinzie alipaza sauti akiuliza kama anaweza kula soseji ya babu, na hakuna aliyemjibu, kwa hiyo akaila.

"Dola mbili," alisema Hoyt.

"Dola mbili."

"Nilimwambia mwanamke yule kwamba nikikosea robo inchi watu wanakufa." Aliiachia tepu, ikarudi ndani ya kasha lake kwa mlio. "Inchi kumi na saba, Corliss. Ningefukuzwa kazi kabla ya chakula cha mchana."

Alisema hivyo bila kutabasamu, na Corliss hakujaribu kumfariji, kwa kuwa wote wawili walijua ni kweli. Alimpa mkono, akamwinua.

*

Mnunuzi alifika saa nne na dakika tano, kijana mchomeleaji kutoka kaskazini, na fedha taslimu ndani ya bahasha. Hoyt alimlaki kwenye geti.

"Nimekupotezea petroli," alimwambia. "Siuzi."

"Mzee, nimeendesha maili sabini!"

"Najua. Dola ishirini hizi, na ndani kuna vimkate na mchuzi. Soseji sina hakika."

"Umepata mnunuzi mwingine? Sema bei, tuongee."

"Sijapata mtu. Nilitaka kuuza kwa hesabu mbaya, kijana. Hesabu imesahihishwa."

Kijana alikula sahani mbili, akaondoka bila kinyongo kikubwa.

Baada ya hapo Hoyt alivirudisha vitu vyake kwenye kiti cha mbele cha pikapu, kila kimoja mahali pake, akarudi na mtaimbo. Alifika kwenye gogo, akauchomeka chini yake, kisha akautazama ule mfereji wa kiatu. Akautoa mtaimbo. Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na kipande kingine cha gogo la reli, akakizika mbele ya kile cha zamani, uso wake ukigusa fundo jekundu. Alimwambia Kinzie aishike kamba, naye akaikagua mara tatu. Tepu hakuitumia.

"Tutakwenda kwa yule mwalimu mara moja kwa mwezi," alisema. "Dola sabini nitalipa mimi. Mageti mawili hayo. Siku nyingine zote niko kwenye ndoo."

"Una miaka sabini na saba," Corliss alisema.

"Ndoo haiulizi miaka."

Kinzie alirusha mipira ishirini, mingi ikaenda kwa majirani. Alipochoka, alimpa mama yake mpira. "Sasa wewe."

"Sijarusha tangu mwaka 1992."

"Kwa hiyo? Umepumzika vya kutosha."

Corliss alisimama kwanza kwenye gogo la zamani. Hakulifikiria, miguu ilikwenda yenyewe, na ncha ya kiatu ikaingia ndani ya mfereji wake. Bega lilimuuma mkono ulipozunguka. Mpira ulikwenda polepole, polepole mno, lakini mwishoni ukainama kidogo, na glavu ya Hoyt ikaupokea magotini bila kusogea. Mlio ulikuwa uleule. Baba na binti walitazamana, wakatazama dirisha la jikoni, ambako hapakuwa na mtu.

Kisha akasogea mbele, kwenye gogo jipya, akarusha tena kwa namna ileile. Hoyt aliinua glavu kuupokea.

"Inchi tatu juu," alisema.

"Nne," alisema Kinzie.

"Tatu. Hapa anayepima ni mimi."

Halafu Hoyt Pruett, akiwa juu ya ndoo, alianza kucheka, mabega yakimtikisika, mpaka ikabidi avue glavu ili afute macho. Alipomaliza alimrudishia Corliss mpira.

"Rusha," alisema. "Ushushe. Imebaki tisini na tisa."